Shajara ya mradi: kulipa tunachodaiwa kabla ya kutoa msaada

Jumatatu, 6 Januari 2025

Naanza kuandika leo, kabla moto wa Desemba haujapoa.

Karakana yetu ipo Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Tunanunua katani kwa marobota, tunaichana, tunaitia rangi, tunasokota kamba, tunafuma mazulia ya mlangoni na kushona mikoba. Katani fupi isiyosokoteka tunawauzia mafundi jipsam, wao wanaichanganya kwenye bodi za dari zisipasuke. Karakanani tupo watu 14. Nje kuna akina mama tisa wanaotusukia mikoba majumbani kwao, Makorora na Mabawa. Baba alipofariki tuliachiwa mimi na mjomba: mjomba anashika fedha, mimi nashika kazi.

Ijumaa ya tarehe 20 Desemba tulikabidhi jezi kwa timu ya vijana wa mtaani. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, vijana wamepanga mstari, picha zinapigwa. Bibi mmoja, msukaji wetu tangu enzi za baba, alisimama kwenye kivuli cha ukuta na kikapu chake mkononi, akangoja mpaka watu wakatawanyika. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kuwaharibia shughuli yenu. Nimekuja kuulizia zile za mikoba 12."

Mikoba ile tuliipokea Oktoba. Kwa bei ya 9,000 kila mmoja, ni 108,000. Jezi zimetugharimu 340,000. Akaniambia bila hata kupandisha sauti kwamba mchele alikopa dukani akitegemea fedha hiyo, na sasa kila akienda sokoni anapita njia ya nyuma ili asikutane na mwenye duka.

Ile njia ya nyuma ndiyo imeninyima usingizi. Deni letu sisi lilimfanya mtu mzima ajifiche mtaani kwake.

Jana usiku nimekaa na mjomba. Alikasirika mwanzo, kwa sababu si kweli kwamba tulikuwa na fedha tukamnyima bibi: mikoba ile ilikwenda kwa hoteli moja nje ya Tanga, nao hulipa baada ya siku 90. Lakini tukakubaliana jambo moja la kufanya kwa miezi mitano. Tunafungua daftari la kila mtu anayeidai karakana hii kwa namna yoyote, iwe fedha, afya au maji machafu. Mpaka daftari hilo linyooke, jina la karakana halitoi jezi wala madawati. Mtu akitaka kutoa sadaka, atoe mfukoni kwake.

Jumanne, 14 Januari

Wiki nzima nimekuwa nikisoma na kuuliza. Watu wengi wakisikia "uwajibikaji kwa jamii" wanafikiria migodi inayojenga zahanati. Na kweli migodi imebanwa: Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inawataka wawe na mpango wa kila mwaka unaokubaliwa na halmashauri ya eneo. Sisi haitugusi. Kwa Sera ya Taifa ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya 2003, kuanzia watu watano hadi 49 ni biashara ndogo, na 50 hadi 99 ndiyo ya kati. Kwa hiyo sisi ni wadogo, na kwa miaka yote hilo limekuwa jibu letu la kila kitu: sisi wadogo bwana.

Kuna mwongozo wa kimataifa, ISO 26000, uliotoka 2010. Hautolewi cheti, kwa hiyo hakuna wa kukuuzia muhuri wake. Unataja mambo saba: uendeshaji wa taasisi yenyewe, haki za binadamu, mazingira ya kazi, mazingira ya asili, biashara ya haki, walaji, na mwisho ushiriki katika jamii. Nimeyaandika kwenye boksi la kufungia mizigo na kulitundika ofisini. Sisi tulikuwa tunaanzia la saba na kuishia hapohapo.

Halafu nikafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hiyo haiulizi ukubwa. Saa 45 kwa wiki bila kuhesabu saa za ziada. Likizo ya mwaka siku 28 yenye malipo. Likizo ya uzazi siku 84 yenye malipo, na siku 100 kama ni mapacha. Hapo nikasimama, maana dada yetu wa cherehani atajifungua Machi, na sisi tulishamwambia, kwa upendo kabisa, "nenda kapumzike, ukirudi kazi yako ipo." Ya malipo hatukugusia, na yeye hakuuliza.

Kwenye NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kati yetu 14 wamesajiliwa sita tu.

Jumatatu, 20 Januari

Kikao na wote. Nilidhani nitapigiwa makofi.

Nikaweka hesabu ubaoni. Mfanyakazi wa laki tatu: mchango wa NSSF ni asilimia 20, yaani 60,000. Nusu tunatoa sisi, nusu inatoka kwenye mshahara wake. Juu yake kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5, ambayo ni 1,500 na analipa mwajiri peke yake. Kwa hiyo kwa kila mmoja wa wale wanane mzigo wetu ni 31,500 kwa mwezi, wote pamoja 252,000. Ni pungufu ya jezi za siku moja.

Kijana wa kusokota akasimama. "Kaka, mimi nina mtoto mchanga. Ukinikata elfu thelathini leo unanisaidiaje?" Wenzake watatu wakaitikia. Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumjibu kwa sheria tu, ingawa kweli hata tukikubaliana sisi kwa sisi kutochangia, makubaliano hayo hayana nguvu.

Aliyemjibu ni mzee wa mashine ya kuchana. Ana miaka 58, na yeye ni mmoja wa wale sita. Akamwambia, "Mwanangu, mimi mwaka juzi nilipoumia mkono huu nililipiwa matibabu kwa sababu nimesajiliwa. Wewe mashine ikikuvuta leo, hawa watafanya mchango. Mchango ni huruma. Huruma ina siku inachoka."

Baada ya kikao tulikubaliana kuwaongeza wale wanane 15,000 kila mmoja, ili makato yasiwaangukie yote kwa mkupuo. Mjomba aliandika namba ile kwa kalamu nzito mno, lakini aliandika.

Jumatatu, 27 Januari

Leo ni habari ya vumbi, na nitakaa nalo maana ndilo nililoliona vibaya kwa miaka mingi.

Katani ikipita kwenye mashine ya kuchana hutoa unga mweupe mwepesi. Unatua kwenye nyusi, kwenye kope, ndani ya masikio. Mzee wetu hunywa chai saa nne, na nimemwona tangu nikiwa mtoto akikifunika kikombe kwa kisahani, anakifunua, anapiga funda, anakifunika tena. Nilidhani ni mazoea ya wazee. Leo nilikaa naye nikanywa chai yangu bila kufunika. Kabla sijafika nusu, juu ya chai palikuwa na utando kama wa maziwa yaliyopoa.

Anakohoa. Watafiti waliowahi kupima wafanyakazi wa viwanda vya katani hapa nchini walikuta wale wa kwenye brashi, yaani wanaosafisha nyuzi kwa mashine, ni miongoni mwa wanaokohoa na kubanwa kifua zaidi. Sisi tulikuwa tunamnunulia maziwa, kwa ile imani ya kwamba maziwa yanasafisha kifua.

Nilipomuuliza kwa nini hakuwahi kusema, akanipeleka mbali. Baba yake alikuja Tanga kutoka Songea akiwa manamba, kibarua wa mkataba, kukata mkonge. Zao lenyewe lililetwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika vichipukizi 1,000 vilivyosafirishwa kutoka Florida vilifika vizima 62 tu. Kutoka kwenye hivyo 62 ndiyo yakaja mashamba yale yote, na watu kwa maelfu kutoka bara kuja kuyakata. Baba wa mzee alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza ngwe yako haikutiwa alama, na kipande kisipojaa mshahara haupo. "Baba alikuwa anasema, manamba hasemi anaumwa. Akisema, siku imepotea." Kisha akaongeza, "Na sisi tumezaliwa na hao."

Sikuandika kitu kingine siku hiyo.

Alhamisi, 6 Februari

Fundi bati wa jirani ametutengenezea kofia ya bati juu ya mashine, bomba linatoka hapo hadi kwenye feni ya kuvuta, na nje vumbi linaingia kwenye gunia la turubai. Vyote, pamoja na kumlipa fundi umeme, 680,000. Gunia la kwanza lilijaa kwa siku tatu. Kulishika lile gunia, laini na zito, ukijua kwamba mwaka jana lote hilo lilikuwa hewani, inatosha.

Barakoa tumenunua pia. Joto la kaskazi mwezi huu ni kali, watu wanazishusha kidevuni. Tumesogeza kazi ya kuchana iwe saa moja hadi saa nne na nusu asubuhi, kabla bati la paa halijapata moto.

Mzee bado anafunika kikombe. Nimeangalia chai: iko safi. Amesema mkono umeshazoea.

Jumanne, 11 Februari

Mali kauli. Hapa ndipo penye mzizi wa yote.

Akina mama wanatuletea mikoba, sisi tunawapa neno. Hoteli na maduka wanachukua mikoba, na wao wanatupa neno. Kila mmoja anamlipa aliye chini yake akishalipwa na aliye juu, na anayengoja zaidi ni yule asiye na akiba hata kidogo. Hatukuwahi kulitazama kama mkopo, lakini ni mkopo: bibi wa Makorora alikuwa anaikopesha hoteli, bila riba, kwa miezi mitatu, kupitia kwetu.

Nimewaandikia wateja watatu wakubwa kwamba kuanzia sasa tunaomba malipo ya awali ya asilimia 40. Mmoja amekubali siku hiyohiyo. Wa pili amekubali akitaka bei ishuke kidogo, tumeshusha. Wa tatu, ile hoteli, amekataa kwa adabu na kuacha kuagiza. Alikuwa anachukua karibu robo ya mikoba yetu. Mjomba hakunilaumu, alinyamaza tu siku mbili, na kunyamaza kwa mjomba nako ni maneno.

Fedha ya awali inaingia kwenye laini ya simu ya peke yake, isiyonunua umeme wala katani. Ni ya wasukaji. Kila mama ana daftari lake dogo, nasi tunayo nakala. Mkoba ukipokewa, unaandikwa kotekote, na fedha inatumwa kabla hajavuka kizingiti. Leo nilituma ya kwanza. Bibi alisubiri mlio wa simu, akampa mjukuu wake asome ujumbe, akamwambia arudie kusoma. Halafu akasema anapitia dukani.

Jumanne, 25 Februari

Maji ya rangi.

Tunachemsha rangi kwenye mapipa mawili nyuma ya karakana, na kwa miaka yote maji yaliyobaki tulikuwa tunayamwaga mtaroni. Mtaro ule unapita mbele ya kibanda cha mama wa chapati, unashuka na mitaro mingine kuelekea baharini. Siku ya rangi nyekundu, wateja wake wanakula chapati na maharage juu ya kijito chekundu. Tulimuuliza kwa mara ya kwanza kama inamsumbua. Alishangaa kuulizwa. "Wengine huwa wananiuliza leo mmechinja nini," akasema.

Tulichofanya hadi sasa: rangi zimepunguzwa kutoka saba hadi tatu, na mikoba mingi inabaki na weupe wake wa katani. Tunaanza na rangi hafifu, tunamalizia na nzito, ili maji yaleyale yatumike mara tatu kwa kuongezea rangi kidogo. Yakichoka kabisa yanaingia kwenye pipa lenye chokaa, yanatulia siku mbili, kisha yanapita kwenye mchanga. Yanatoka ya njano hafifu. Hayajawa safi, na sitaandika kwamba ni safi. Sheria ya Mazingira ya 2004 haitofautishi mtaro wa kiwanda kikubwa na wa kwetu, na samaki wa soko la Deep Sea tunaokula sote wanatoka huko maji yanakoishia. Nimeomba ushauri kwa mtu wa maabara. Tope la chini ya pipa tunalikausha na kulifungia kwenye ndoo, halijapata pa kwenda.

Jumatatu, 10 Machi

Ramadhani. Wanaofunga wanaingia saa moja na kutoka saa nane, mshahara haupungui. Wasiofunga wameomba wafuate ratiba hiyohiyo, na tumeona ni sawa.

Dada wa cherehani amejifungua mtoto wa kike. Siku 84 zimeanza kuhesabiwa, mshahara wa mwezi utakwenda kama kawaida. Nimempelekea barua yenye tarehe ya kurudi. Mama mkwe wake aliisoma mara mbili na kuuliza kama atatakiwa kuzirudisha hizo fedha baadaye.

Ijumaa, 28 Machi

Mishahara imelipwa leo mchana, kabla ya swala ya Ijumaa, Idd ikiwa inakaribia. Watu wa mji huu wote wameikariri ile hadithi ya Mtume ya kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Baba aliiandika kwa mkono wake juu ya mlango wa stoo. Nimepita chini ya maandishi hayo tangu utoto, na bado mikoba ya Oktoba ilifika Desemba haijalipwa.

Watu walikuja kuuliza futari ya karakana mwaka huu iko wapi. Tuliwaambia mwaka huu hatukutoa. Mzee mmoja wa msikitini aliondoka hakuridhika, na kwa kweli iliniuma, kwa sababu futari ile baba aliianzisha. Mjomba alitoa tende kwa fedha yake mwenyewe, usiku, bila kumwambia mtu. Nimejua kwa muuza tende.

Jumanne, 22 Aprili

Tumeshindwa, na ni lazima liandikwe.

Masika yameshika. Katani iliyotiwa rangi haikauki, inanuka, robota moja na nusu limeota ukungu. Wiki mbili hatukupeleka mzigo wa maana. Na Alhamisi iliyopita nilichukua 200,000 kwenye ile laini ya wasukaji kulipia umeme na kukomboa katani mpya. Nilijiambia narudisha Jumamosi. Jumamosi hakukuwa na kitu, na akina mama wawili walileta mikoba wakaondoka na neno langu tu.

Hakuna aliyenipigia kelele. Mmoja alisema, "Tumezoea, baba." Afadhali angenitukana.

Leo nimemweleza mjomba. Yeye ambaye Januari nilimwona kama ndiye kikwazo ndiye aliyekuja na dawa: laini ile sasa ina namba ya siri anayoijua mama mmoja wa Mabawa peke yake, aliyechaguliwa na wenzake, ndiye anayetuma. Sisi tunaweza kuingiza fedha, kutoa hatuwezi. Wale wawili walilipwa jioni hii, mjomba aliuza pampu ya zamani.

Alhamisi, 15 Mei

Mwezi wa tano. Nilivyokuta daftari leo:

Wasukaji hawatudai. Wamefika 11, wawili wamekuja wenyewe baada ya kusikia. Wafanyakazi wote 14 wako NSSF na WCF, ila michango ya mwezi Aprili ya watatu imechelewa siku sita. Kijana wa kusokota ameniomba nimfundishe kuangalia salio lake la michango kwenye simu, ameanza kuwaonyesha wengine. Mzee amepimwa kifua hospitali, ameambiwa asirudi kwenye mashine ya kuchana. Tumemhamishia kupokea na kukagua mikoba, kwa mshahara uleule. Aliyechukua mashine ni mimi, mpaka tupate mtu na kumfundisha, na sasa najua ile kofia ya bati inavuja upande wa kushoto. Fundi anakuja kesho.

Mauzo yako chini kidogo kuliko Mei iliyopita. Ile hoteli haijarudi. Tope la rangi limejaza ndoo tatu.

Vijana wa timu walipita jana kuuliza kama kuna mpira. Nahodha wao, bila kujua habari hii yote, aliniambia bibi yake amelipa deni la dukani na ananunua katani ya kujifunzia kusuka wajukuu zake wa kike. Nilimuuliza bibi yake ni nani. Akaonyesha kwa kidole upande wa Makorora.

Mpira sikuwapa. Nimewaambia wanione baada ya ndoo zile tatu kupata pa kwenda.